Robert Serumaga, Mtungaji Aliyeyaondoa Maneno Jukwaani

Watu wa nchi zinazolizunguka ziwa letu wana desturi ya kuyashika sana majina ya watawala na majemadari, na kuyaacha yapotee majina ya wale waliotumia maisha yao kuwaonyesha wananchi sura yao wenyewe. Ikitajwa Uganda ya miaka ya 1970, mara moja tunamkumbuka Idi Amin. Na tuna haki ya kumkumbuka, kwa kuwa majeshi yake yalivuka mpaka wetu mwaka 1978, na vijana wetu waliokwenda kuyafukuza hawakurudi wote. Lakini katika nchi ile ile, na katika miaka ile ile, alikuwako mtu aliyejaribu kueleza habari ya damu iliyokuwa ikimwagika, katika mji ambamo kusema kulikuwa ni kujitafutia mauti. Jina lake ni Robert Serumaga. Alikuwa mtungaji wa michezo ya kuigiza, mwongozaji wa wachezaji, na mchezaji yeye mwenyewe. Amekufa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na hapa kwetu Kirumba ni wachache wanaolijua jina lake. Yafaa tumjue, kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo viongozi na wafanyakazi hawana budi kulijibu: mchezo wa kuigiza ni wa nani, na una kazi gani katika nchi?

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 katika Buganda, akalelewa katika dini ya Kikatoliki. Kama vijana wengine wachache wa wakati ule waliobahatika kupata elimu ya juu, alivuka bahari, akaenda kusoma Dublin, mji mkuu wa Ireland, katika chuo cha Trinity. Hakwenda kujifunza michezo. Alisomea uchumi, akapata shahada ya uchumi. Walakini Dublin si mji wa hesabu za fedha tu. Watu wa Ireland walitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na kabla hawajapata uhuru walikuwa wamekwisha kujiwekea jumba lao la michezo, lile la Abbey lililofunguliwa mwaka 1904, ili wasimulie habari zao kwa namna yao. Fundisho hilo lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila kijana aliyetoka katika nchi inayotawaliwa. Tena katika chuo hicho hicho alikuwa amesoma zamani Samuel Beckett, yule mtungaji ambaye watu wake hukaa jukwaani wakingoja jambo lisilofika, wakizungumza maneno mengi yasiyowapeleka popote. Wanaoichunguza michezo ya kwanza ya Serumaga huona ndani yake alama ya Beckett na ya wenziwe wa Ulaya, waliodhani kwamba baada ya vita kuu mbili akili ya binadamu imefika ukingoni, na mazungumzo yake yamekuwa kelele.

Baadaye alifanya kazi London katika Transcription Centre, ofisi iliyokuwa ikitengeneza vipindi vya redio juu ya fasihi na sanaa za Afrika. Kazi hiyo ilimkutanisha na watungaji wa bara zima. Alizungumza nao mbele ya kinasa sauti, miongoni mwao Chinua Achebe wa Nigeria. Ni shule iliyo bora kuliko nyingine nyingi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuwauliza wenzake kwa nini wanaandika, na wanamwandikia nani, hawezi kukwepa kujiuliza mwenyewe.

Aliporejea Kampala, nusu ya pili ya miaka ya 1960, Uganda ilikuwa imekwisha kupata uhuru, lakini jukwaa lilikuwa halijapata uhuru wake. Jumba la Taifa la Michezo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na kwa muda mrefu lilikuwa mahali pa Wazungu na Wahindi wenye nafasi, waliokuja jioni kucheza michezo ya kwao kwa kujifurahisha. Waafrika hawakukaa kimya. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kundi la wachezaji Waafrika tangu mwaka 1954, akitunga kwa Kiganda mambo ambayo mkulima wa kahawa aliyaelewa barabara. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kilikuwa na kundi la michezo lililoanza kusafiri vijijini mwaka 1965. Hivyo Serumaga hakukuta uwanja mtupu. Alilokuja nalo yeye ni fikira kwamba kucheza jukwaani ni kazi, kama useremala na uhunzi zilivyo kazi, na kwamba anayeifanya yampasa ajifunze, afanye mazoezi kila siku, na aishi kwa jasho la kazi hiyo. Kwa ajili hiyo akaunda kundi lililoitwa Theatre Limited.

Mchezo wake wa kwanza uliochezwa Kampala mwaka 1967 ulipewa jina fupi sana, A Play, yaani Mchezo. Ni habari ya mtu mwenye cheo, Mutimukulu, anayeteswa na kumbukumbu ya mkewe aliyekufa. Usiku wa kumbukumbu hiyo wafu na walio hai wanachanganyika kichwani mwake, na dhamiri yake inamshitaki. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha hadithi, Return to the Shadows, kinachosimulia mapinduzi ya kijeshi katika nchi moja ya Afrika isiyotajwa jina, na msomi ambaye elimu yake yote haimwonyeshi la kufanya wakati askari wanapotembea na bunduki. Miaka miwili tu baadaye jambo lile likatokea kwake mwenyewe. Mwaka 1970 ukafuata mchezo wa The Elephants, wenye habari za watu wa Chuo Kikuu na mkimbizi mmoja.

Michezo hiyo ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilihusu watu waliosoma, wenye nyumba nzuri na nafsi zilizovunjika. Wapo waliomlaumu, wakasema kwamba katika nchi yenye wakulima maskini na wafanyakazi wasio na haki, mtungaji hana ruhusa ya kushughulika na huzuni ya mtu mmoja. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Lakini Serumaga alishikilia kwamba mtu mmoja ndiye kipimo cha utawala. Kwamba ukitaka kuijua nchi, usitazame bendera yake, tazama inamfanya nini mtu mmoja asiye na mtetezi. Kwa yale yaliyotokea Uganda baadaye, hapana awezaye kusema kwamba fikira hiyo ilikuwa ya upuuzi.

Alianza kusogea karibu na umma kwa mchezo wa Majangwa, wa mwaka 1971. Watu wa Kampala walikuwa na masimulizi ya mpiga ngoma mmoja wa njiani na mkewe Nakirijja, ambao kwa ajili ya kupata fedha za watazamaji walishuka kutoka katika ngoma na nyimbo hata wakafikia kuuza aibu yao hadharani. Serumaga aliwachukua wawili hao akawaweka kando ya barabara, wamechoka, wanagombana na kukumbushana siku zao za heshima. Mchezo huo unachekesha na kuumiza kwa pamoja. Tena ndani yake mna swali la mtungaji juu ya kazi yake: msanii anayemlisha mtazamaji kila anachokitaka, ili tu sarafu zianguke, mwisho wake atabakiwa na nini cha kuuza?

Januari 25 mwaka huo huo wa 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Mwanzoni wako wengi katika Kampala waliopiga vigelegele. Haukupita muda mrefu vigelegele vikageuka kilio. Watu walitoweka usiku. Miili iliokotwa misituni na mtoni. Neno lililosemwa baa jioni liliweza kumfikisha mtu mahali asikorudi. Katika hali hiyo mtungaji wa michezo ana njia nne tu mbele yake: kunyamaza, kumsifu mtawala, kukimbia, au kutafuta lugha ambayo mpelelezi hajui kuiandika katika daftari lake. Serumaga alitafuta lugha hiyo.

Aliwakusanya vijana, akaunda kundi jipya lililojulikana kwa jina la Abafumi, maana yake wasimulizi. Vijana hao waliishi na kufanya kazi pamoja chini ya nidhamu kali. Serumaga alikuwa amesoma mafundisho ya Stanislavsky wa Urusi, aliyemtaka mchezaji autafute ukweli wa moyo kabla hajafungua kinywa, na ya Jerzy Grotowski wa Poland, aliyeondoa mapambo yote jukwaani akabakiza mwili wa mchezaji peke yake. Lakini hakuyachukua kama mtu avaavyo koti la kuazima. Aliyapeleka mbele ya ngoma, tambiko, mbiu na nyimbo za makabila ya Uganda, akaona kwamba yale ambayo Ulaya ilikuwa ikiyatafuta kwa taabu, watu wa kwetu walikuwa nayo siku zote. Kwetu mwili huomboleza, huomba mvua, hukaribisha mtoto, huzika mzee. Maneno huja kusindikiza. Kwa hiyo msimamo wake juu ya michezo ya Afrika ya wakati wake ukawa huu: kwamba kuwakalisha Waafrika katika viti vya sebuleni wazungumze Kiingereza kwa saa mbili si kuigiza maisha yao, na kwamba jukwaa letu lazima liunganishe mwendo, sauti, wimbo na ngoma, pasipo kukitenga kimoja.

Tunda la kwanza la fikira hiyo ni Renga Moi, wa mwaka 1972, uliotokana na masimulizi ya Waacholi. Shujaa wa kijiji amezaliwa watoto pacha, na desturi inamtaka atimize matambiko yao; wakati huo haruhusiwi kumwaga damu. Mara adui wanakishambulia kijiji. Afanye nini? Akikaa, watu wataangamia. Akienda, atavunja mwiko unaowalinda wanawe. Anakwenda, anashinda, anarudi na sifa, lakini nyumbani anakuta watoto wake wametolewa ili nchi itakaswe. Mchezo huo ulitumia lugha nne pamoja, za kaskazini na za kusini mwa nchi na Kiingereza, hata ikawa hapana mtazamaji aliyeelewa kila neno, na hapana aliyekosa kuelewa kilichotendeka. Katika nchi iliyokuwa ikigawanywa kwa makabila, kuwaweka Waganda na Waacholi katika uchungu mmoja lilikuwa tendo lenye maana kubwa. Kisha swali lenyewe lilikuwa zito: kiongozi anayeilinda nchi kwa upanga, ni nani anayelipa gharama yake, na kwa nini mara zote ni watoto?

Mwaka 1974 akaenda mbali zaidi. Mchezo wa Amayirikiti, uliopewa jina la miti yenye maua mekundu kama moto, haukuwa na mazungumzo hata kidogo. Miili iliyumba, ikaanguka, ikakokotwa. Sauti za koo na ngoma zikasema yaliyobaki. Mchezo usio na maneno hauna karatasi ya kupekuliwa. Askari akiuliza wachezaji wamesema nini, jibu la kweli ni kwamba hawakusema kitu. Lakini mjane aliyeketi gizani, ambaye mumewe alichukuliwa na gari lisilo na namba, alijua anachokitazama.

Kundi la Abafumi lilisafiri ng'ambo. Mwaka 1975 lilionyesha Renga Moi London, katika msimu wa michezo ya mataifa kwenye jumba la Aldwych, na Ulaya ilistaajabia nguvu na nidhamu ya vijana wale. Na hapa ndipo mahali penye ugumu, ambapo hatupaswi kuparuka. Makofi yale yalipigwa wakati Amin akitawala. Kila lilipotajwa kundi la Uganda lenye sifa, mtawala naye aliweza kusema kwamba nchi yenye sanaa nzuri namna hiyo haiwezi kuwa nchi ya wauaji. Fumbo likifichwa mno, mwenye kutishwa nalo hulifanya pambo lake. Isitoshe, wananchi wengi wa kawaida hawakuzoea namna ile ya kucheza. Iliwashangaza wageni kuliko ilivyowagusa wachuuzi wa soko la Owino.

Ili tumpime Serumaga kwa haki, hatuna budi kumtaja mwenzake Byron Kawadwa. Huyu alishika njia nyingine. Alitunga kwa Kiganda, akatia nyimbo pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya, na majumba yakajaa watu. Mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, ulichezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukisimulia ugomvi wa madaraka katika ufalme, na kila mtazamaji alijua ni ugomvi gani unaoelekezewa kidole. Mapema mwaka 1977 Kawadwa na kundi lake waliupeleka katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos. Aliporudi nyumbani alikamatwa na watu wa utawala, akauawa. Ulikuwa ni mwaka ule ule aliouawa Askofu Mkuu Janani Luwum.

Basi mmoja alisema kwa lugha ya watu, akaeleweka, akafa. Mwingine alisema kwa lugha ya mwili, akaeleweka nusu, akaishi. Ni rahisi kwa mtu aliyeketi salama upande huu wa ziwa kumwita wa kwanza shujaa na wa pili mwoga. Sisi hatulikubali neno hilo. Hakuna awezaye kumdai mwenzake ushahidi wa damu. Kosa si la mtungaji aliyeficha maneno yake. Kosa ni la utawala uliofanya maneno ya wazi kuwa hati ya kifo. Lakini kusema hivyo hakutuzuii kuiona tofauti. Serumaga alitupa mbinu na nidhamu. Kawadwa alitukumbusha ni kwa ajili ya nani. Jukwaa linalokosa kimojawapo huchechemea.

Serumaga mwenyewe mwishowe aliona kwamba fumbo halitoshi. Katika miaka ya mwisho ya utawala ule alikuwa uhamishoni, akaingia katika harakati za kumwondoa Amin. Vikundi vya wananchi wa Uganda walio uhamishoni vilikutana mjini Moshi Machi 1979 vikaunda umoja. Aprili 11 mwaka huo Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda. Katika serikali ya Yusufu Lule, Serumaga alipewa wizara ya biashara, na shahada ile ya Dublin ikapata kazi. Serikali hiyo haikudumu hata siku 70. Juni 1979 Lule aliondolewa, na Serumaga akarudi katika upinzani na uhamisho. Alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka ipatayo 41. Kwa mtu aliyekuwa na kazi nyingi kiasi kile mbele yake, ni kifo cha mapema mno. Kundi lake halikupata tena mwongozaji mfano wake.

Sasa turudi kwetu. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kusafiri London ili tufahamu alichokitafuta Serumaga. Katika nchi ya Wasukuma, baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa ngoma kwa vizazi vingi. Wako wanaocheza na nyoka, wako wa bugobogobo wanaocheza na majembe, na kila chama hutafuta mbinu mpya ya kumshangaza mtazamaji. Hapana jopo la wakubwa wanaotoa alama. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamehamia upande wake. Ni hukumu kali, nayo ni ya haki. Ngoma yenye ufundi ambayo watu wanaihama imeshindwa. Na ngoma inayovuta watu kwa hila tupu, mwaka unaofuata huachwa.

Tena tunayo bahati ambayo Serumaga hakuwa nayo. Yeye alilazimika kuchanganya lugha nne, na mwisho kuziacha zote, kwa kuwa nchi yake haikuwa na lugha moja ya kuwakusanya wananchi. Sisi tunacho Kiswahili. Ebrahim Hussein alipoitoa Kinjeketile mwaka 1969, mvuvi wa Mwaloni na karani wa bandari waliweza kuusoma mchezo mmoja wakagombana juu ya maana yake. Hazina ya namna hiyo si ya kuchezewa.

Lakini tumeifanyia nini? Mara nyingi vikundi vyetu vya sanaa huitwa pale mgeni anapowasili, au mkutano unapokaribia kuanza na watu hawajajaa. Huimba jina la mgeni, hupewa soda na nauli, hurudi nyumbani. Hiyo ni adabu ya kumpokea mgeni, si mchezo wa kuigiza. Kundi linaloruhusiwa kusifu tu, hata likiwa na sauti nzuri kama kinanda, limewekwa katika hali ya Majangwa kando ya barabara: linampa mtazamaji mwenye sarafu kile anachokitaka, hata siku moja linakosa cha kumpa. Na kiongozi anayesikia sifa peke yake huwa wa mwisho kujua kwamba paa la nyumba yake linavuja.

Kwa hiyo mambo matatu yanatupasa. La kwanza, vijana wanaotaka kucheza wapewe mahali, mwalimu na ujira, wafanye kazi hiyo kwa nidhamu, kama Abafumi walivyofanya. Kwani kipaji bila mazoezi ni mbegu juu ya mwamba. La pili, watunge juu ya maisha ya watu wanaowatazama: bei ya dagaa, kibarua anayedhulumiwa, mama anayenyang'anywa kiwanja cha marehemu mumewe, ofisa anayekula rushwa. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote, wakionyesha kasoro ya wenye madaraka, mwenye madaraka aketi mpaka mwisho, acheke akichekwa, kisha kesho yake akatengeneze kilichoharibika.

Uganda ilikuwa na watungaji hodari. Mmoja ikamfanya asiseme, na mwingine ikamwua, na katika kufanya hivyo ilijinyima macho mawili kwa pamoja. Wanachama na wafanyakazi wanaosoma habari hii wanayo nafasi ya kuona kwamba jambo hilo halipati mlango kwetu, nao waanze na vikundi vilivyo katika matawi yao wenyewe.